Hesabu ya nishati safi ianzie kwenye sufuria ya maharage

Kila linapozungumzwa suala la mabadiliko ya tabianchi hapa nchini, kuna swali ambalo watu wazima wenye akili timamu huuliza, na mara nyingi hupewa jibu la juujuu: sisi tumechafua nini? Hewa ukaa inayotokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe kwa Mtanzania mmoja haifiki wastani wa nusu tani kwa mwaka, wakati wastani wa dunia unazidi tani nne. Mkazi wa Tandale anayepanda daladala kwenda Kariakoo kutafuta riziki hadaiwi na mtu yeyote kuhusu joto la dunia. Kumwambia aache mkaa ili barafu ya ncha ya kaskazini isiyeyuke ni kumkosea heshima.

Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba zipo hatua za kulinda tabianchi ambazo tungepaswa kuzichukua hata kama dunia isingekuwa inapata joto, kwa sababu faida yake ya kwanza inatua hapa hapa: kwenye mapafu ya anayepika, kwenye muda wa binti anayetumwa kuni, kwenye mto unaotupa maji ya kunywa. Kubwa kuliko zote kwa nchi yetu ni kubadili namna tunavyopika. Lakini nasema pia, na hapa ndipo ninapoachana na shangwe za majukwaani, kwamba faida hizo haziletwi na ugawaji wa mitungi ya gesi. Zinakuja pale tu moto wa kuni na mkaa unapozimika kweli. Kwa sasa kinachohesabiwa ni mitungi, na hakuna anayepima kama moto umezimika.

Tuanze na moto wenyewe. Kuni zikiungua zikaisha vizuri, huacha hewa ukaa, mvuke na majivu. Kwenye mafiga matatu haziungui vizuri. Hewa haitoshi, kuni zenyewe mara nyingi ni mbichi, kwa hiyo sehemu yake inatoka ikiwa moshi: masizi, gesi ya kaboni monoksaidi, methani na kemikali nyingine nyingi. Chembe ndogo kabisa za moshi huo, zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, hazizuiwi na pua wala koo. Hushuka mpaka chini ya mapafu, nyingine zikapenya kwenye damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishusha kiwango chake cha ushauri hadi mikrogramu 5 za chembe hizo kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa mwaka. Ndani ya jiko la kuni lisilo na dirisha, wakati chakula kiko motoni, vipimo vya mamia ni jambo la kawaida.

Masizi hayo hayo yakitoka nje hunyonya joto la jua na kulipasha anga. Tofauti yake na hewa ukaa ni muda. Hewa ukaa inayotoka leo, sehemu yake itakuwa bado iko angani karne kadhaa zijazo. Masizi huanguka ndani ya siku chache au wiki. Maana yake ni kwamba ukipunguza masizi, nafuu haichelewi, na wa kwanza kuiona ni yule aliyekuwa ameinama juu ya moto. Huhitaji kusubiri mwaka 2050.

WHO inakadiria kwamba moshi wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, vikiwemo vya watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka mitano. Kwa Tanzania, Serikali yenyewe imekuwa ikitaja vifo takriban 33,000 kwa mwaka. Magonjwa yanayotajwa ni kiharusi, moyo, nimonia, saratani ya mapafu na ule ugonjwa sugu wa kuziba njia ya hewa unaomfanya mama wa miaka hamsini ashindwe kupanda ngazi. Hakuna cheti cha kifo kinachoandikwa kwamba marehemu ameuawa na jiko. Kitaandikwa kiharusi, kitaandikwa moyo, na familia itasema alikuwa na presha. Ndiyo sababu msiba huu hauna kelele.

Mkaa nao una namna yake ya kudanganya. Kwa sababu ukishashika moto hauonyeshi moshi mwingi, watu huuona ni safi. Kinachotoka pale ni kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na ndiyo inayoua familia zinazolala na jiko chumbani katika mikoa ya baridi. Moshi wenyewe haukupotea. Uliachwa porini kwenye tanuru la udongo, ambako kilo moja ya mkaa hugharimu kilo tano hadi kumi za kuni. Mpishi wa mjini ameepushwa na sehemu ya moshi, lakini msitu umelipa.

Sasa ingia kwenye nyumba ya kupanga ya kawaida Mbagala au Manzese. Sakafuni karibu na mlango kuna mtungi wa kilo 6 uliofungwa jiko lake juu. Uani kuna jiko la mkaa. Asubuhi chai inachemshwa kwa gesi, mayai yanakaangwa kwa gesi, usiku uji wa mtoto unapashwa kwa gesi. Ikifika saa nne, maharage yanabandikwa uani. Mkaa unawashwa kwa vipande vya ndoo ya plastiki iliyopasuka, na kwa dakika kumi za mwanzo moshi mweusi unazunguka ua mzima, kwenye nguo zilizoanikwa na kwa watoto wanaocheza pembeni. Kisha ni saa mbili au tatu za kuchochea, kuongeza maji, kuonja kama yameiva. Yakiiva, mkaa uliobaki haupotezwi: unapikiwa wali, na jioni unachemshiwa maji ya kuoga. Muulize mwenye sufuria kwa nini hakutumia gesi. Jibu hutoka mara moja: maharage yanamaliza gesi.

Hesabu yake iko sawa. Kujaza mtungi wa kilo 6 Dar es Salaam ni zaidi ya shilingi 20,000 zinazotakiwa kwa mkupuo. Mkaa unanunuliwa kwa kopo, kwa hela iliyopatikana leo. Mtu anayeuza karanga au anayefua nguo za watu hana mshahara wa mwisho wa mwezi wa kutengea gesi. Hata kama ukijumlisha mwezi mzima mkaa unamgharimu zaidi, hana mahali pa kuipata jumla hiyo siku moja. Kumhutubia juu ya madhara ya moshi ni kumwambia kitu anachokijua kuliko wewe. Macho yanayowasha ni yake.

Nyumba hiyo, katika takwimu za taifa, inaweza kuandikwa kuwa inatumia nishati safi, maana mtungi upo. Katika takwimu za mapafu haijabadilika sana. Saa ndefu za moto ni zile zile, kwa sababu vyakula vinavyokaa motoni muda mrefu, yaani maharage, makande, kongoro, utumbo, nyama ngumu, ndivyo vilivyobaki kwenye mkaa. Gesi imechukua chai. Mtu akitaka kujua kama sera ya nishati safi inafanya kazi katika mtaa wake, aangalie maharage yanapikiwa wapi.

India ilishapita njia hii kwa kasi kuliko nchi yoyote. Mpango wao wa Ujjwala ulizinduliwa Mei 2016 na hadi Septemba 2019 ulikuwa umeziunganishia gesi kaya masikini milioni 80. Ni kazi kubwa, na sitaidharau. Lakini ilipofika zamu ya kujaza, wastani wa kaya hizo ulikuwa takriban mitungi mitatu kwa mwaka, pungufu sana ya mahitaji ya familia inayopikia gesi peke yake. Serikali ya India ikalazimika kurudi mezani na kuongeza ruzuku ya kujaza, kwa kuwa ruzuku ya kuanza haikutosha. Sisi tuna Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Wakala wa Nishati Vijijini (REA) unauza mitungi ya kilo 6 kwa ruzuku. Tunaanza pale pale India ilipoanzia, na bado tuna nafasi ya kutorudia safari yao yote.

Kuna ushahidi mgumu zaidi, ambao watetezi wengi wa nishati safi huupita kimya kimya. Nchini Malawi, zaidi ya watoto 10,000 wa vijijini walifuatiliwa kwa miaka miwili. Nusu ya familia zilipewa majiko banifu yenye feni yanayotumia kuni. Matokeo yalipotolewa Desemba 2016, hakukuwa na tofauti ya nimonia kati ya makundi hayo mawili. Majiko yaliharibika, takataka ziliendelea kuchomwa, jirani aliendelea kuwasha mafiga yake. Baadaye ukafanyika utafiti mkubwa wa gesi katika nchi nne: Guatemala, India, Peru na jirani zetu Rwanda. Wajawazito wapatao 3,200 waligawanywa. Nusu wakapewa jiko la gesi na gesi ya bure kwa miezi 18. Hewa waliyovuta ilisafika sana: chembe ndogo zilikuwa mikrogramu kama 24, dhidi ya kama 70 kwa wale walioendelea na kuni. Hata hivyo, majibu yaliyotoka mwaka 2022 na 2024 hayakuonyesha tofauti ya maana katika uzito wa watoto waliozaliwa wala katika nimonia kali ya wachanga.

Wapo watakaosema: basi yote ni bure. Mimi nayasoma majibu hayo kwa namna nyingine, na kuna jambo ndani yake ambalo kwetu lina thamani kubwa kuliko hata lile lililotafutwa. Katika utafiti ule wa nchi nne, akina mama waliopewa gesi bila malipo na kuletewa hadi nyumbani waliacha kuni karibu kabisa. Waliacha vijijini Rwanda, waliacha milimani Guatemala. Hawakusema chakula cha gesi hakina ladha, hawakuling'ang'ania jiko la bibi zao kwa sababu ya mila. Miaka yote tumeambiwa kwamba tatizo ni mazoea na uelewa mdogo wa wananchi, kwa hiyo fedha zinaenda kwenye semina, fulana na mabango. Ushahidi unasema tatizo ni bei na upatikanaji. Bei ikiondoka, mazoea yanaondoka nayo.

La pili ni kwamba tusiuze jiko kama chanjo. Mtoto mchanga anayeugua nimonia ana mambo mengi yanayomsonga: lishe, msongamano wa chumba, chanjo, umbali wa kituo cha afya, na moshi wa mtaa mzima unaoingia hata kwa mwenye gesi. Mikrogramu 24 bado ni karibu mara tano ya kiwango cha WHO. Tukiahidi kwamba mtungi utafuta nimonia, siku isipofutika wananchi watakuwa na haki ya kutotuamini kwa lolote. Kiharusi, moyo na mapafu yaliyochakaa ni magonjwa yanayojengeka kwa miongo, na hakuna utafiti wa miezi 18 unaoweza kuyamaliza kuyasoma. Na kuna faida ambazo hazihitaji hata maabara: kuungua kwa watoto wanaoangukia mafiga, macho, mgongo, na muda.

Muda nataka niukalie kidogo. Kijijini, kuni hazinunuliwi, kwa hiyo kwenye vitabu vya uchumi hazina gharama. Gharama yake ni mwanamke na binti zake kuamka alfajiri, kutembea kilomita kadhaa na kurudi na mzigo kichwani unaomzidi nguvu, mara kadhaa kwa wiki, na kila mwaka pori likiwa mbali zaidi ya mwaka jana. Ni muda ambao binti angekuwa darasani au amelala. Njiani kuna nyoka, na kuna wanaume. Hesabu ya tani za hewa ukaa zilizookolewa haina safu ya kuandika hayo, ingawa kwa mama mwenyewe ndiyo yangekuwa ya kwanza kuandikwa.

Na lipo moja ambalo kila aliyekulia Shinyanga, Simiyu, Geita, Mwanza au Tabora analifahamu, na ambalo sijawahi kulisikia likitajwa kwenye mkutano wa tabianchi. Katika maeneo hayo, bibi vizee wameuawa kwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, na mojawapo ya "dalili" zilizowaponza ni macho mekundu. Miti ilishakwisha katika sehemu kubwa ya mbuga zile, watu wakapikia mabua na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, ambacho moshi wake ni mkali kupita kiasi. Mwanamke aliyewapikia watoto na wajukuu kwa miaka hamsini katika moshi ule hufika uzeeni macho yamewiva kama damu. Jamii aliyoilisha ikayatazama macho yale na kumhukumu. Sisemi gesi ingemaliza ukatili huo. Chanzo chake kiko kwa waganga wa ramli, kwenye ugomvi wa urithi wa mashamba na kwenye ujane usio na mtetezi. Lakini sijui mfano mwingine unaoonyesha waziwazi zaidi jinsi jiko linavyoweza kugusa haki, heshima na uhai wa mtu.

Upande wa misitu, Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2009 kwamba Tanzania ilikuwa ikitumia takriban tani milioni moja za mkaa kwa mwaka, nusu yake ikiishia Dar es Salaam. Jiji limekua sana tangu hapo. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, iliyo mlangoni kwetu kabisa, imeliwa kwa miaka mingi, na magunia sasa yanatoka mbali, Handeni, Kilosa, Kilwa. Oktoba 2022 mto Ruvu ulipopungua, Dar es Salaam iliingia kwenye mgao wa maji. Mvua zilikuwa zimechelewa, hilo halina ubishi. Lakini mto unaoanzia milima ya Uluguru huhimili ukame kwa kadiri ardhi ya juu inavyoweza kushika maji ya masika na kuyaachia taratibu, na ardhi iliyovuliwa miti haishiki. Mji uliokatiwa maji ndio huo huo unaopikia mkaa wa misitu ya vyanzo vyake.

Hata hivyo, mkaa ni ajira ya watu. Marufuku ya mwaka 2006 haikudumu, na ilikuwa haki isidumu, maana ilimnyang'anya mchoma mkaa kipato na mpishi wa mjini nishati kwa siku moja bila kuwapa mbadala. Wilayani Kilosa, kuanzia 2012, vijiji kadhaa vilijaribu njia nyingine: msitu wa kijiji unagawanywa vipande, kinakatwa kimoja na kuachwa kichipue kwa miaka 24, ushuru unabaki kijijini na kujenga madarasa na zahanati. Naiunga mkono njia hiyo kwa kipindi hiki cha mpito. Kwa miaka mingi ijayo kutakuwa na mkaa, na heri utoke kwenye msitu wenye mwenyewe kuliko kwenye pori la kila mtu.

Fedha za kufanya yote haya zinatajwa sana. Mei 2024 mjini Paris, katika mkutano ambao Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa mmoja wa wenyeviti wake, ziliahidiwa dola bilioni 2.2 kwa ajili ya nishati safi ya kupikia Afrika. Shirika la Kimataifa la Nishati lilisema zinahitajika kama dola bilioni 4 kila mwaka hadi 2030. Pengo hilo wengi wanataka lizibwe na biashara ya kaboni: kampuni inagawa majiko, inahesabu hewa ukaa iliyookolewa, inauza hesabu hiyo kwa wachafuzi wa Ulaya na Marekani. Januari 2024 jarida la Nature Sustainability lilichapisha utafiti uliokadiria kwamba miradi ya majiko iliyochunguzwa ilidai akiba karibu mara tisa ya ile halisi. Sababu kubwa ni ile ile ya uani Mbagala: walihesabu jiko lililogawiwa wakadhani moto wa zamani umezimwa. Majiko yaliyofanya vizuri zaidi katika hesabu ni yale yenye kipimo ndani yake, kinachosoma gesi au umeme uliotumika kweli.

Biashara ya kaboni si lazima iwe ulaghai. Huko Gazi, pwani ya Kwale nchini Kenya, wanakijiji wa Mikoko Pamoja wamekuwa wakiuza kaboni ya hekta 117 za mikoko tangu takriban mwaka 2013. Mradi ni mdogo, mikoko inaonekana kwa macho, na fedha imeleta maji ya bomba na vitabu vya shule. Mtu wa Gazi haulizi kuhusu barafu ya kaskazini. Anajua mikoko inazuia bahari kula ufukwe, inalea samaki, na bomba la maji limetokana nayo.

Narudi kwenye bei, maana ndiyo kiini. Kenya imetupa somo la wazi kuhusu namna ya kuharibu jambo zuri. Gesi ya kupikia ilifutiwa kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2016 na watumiaji wakaongezeka. Julai 2021 kodi ikarudishwa kwa asilimia 16, wakati ambapo bei ya dunia nayo ilikuwa inapanda. Mwaka uliofuata ikashushwa hadi asilimia 8, na Julai 2023 ikaondolewa tena. Miaka miwili ya kupandisha na kushusha ilitosha kuwarudisha watu wengi kwenye mkaa, na mtu aliyerudi kwenye mkaa hashawishiki upesi mara ya pili. Wizara ya fedha iliiona gesi kama chanzo cha mapato. Sidhani kama kuna mtu aliyeulizwa gharama itakayojitokeza hospitalini.

Kwa upande wa malipo kidogo kidogo, ufumbuzi ulizaliwa hapa Dar es Salaam. Kampuni ya KopaGas ilitengeneza mita inayofungwa kwenye mtungi, mteja akalipia kwa simu hata gesi ya shilingi elfu moja, mtungi ukabaki kwake. Mwaka 2020 teknolojia hiyo ilinunuliwa na Circle Gas, na leo inatumika sana Nairobi kwa jina la M-Gas. Hiyo ndiyo gesi inayoweza kushindana na kopo la mkaa, kwa sababu inauzwa kwa mtindo ule ule wa kopo. Ruzuku yetu ingefaa ifuate mita hizi badala ya kuishia kwenye mtungi wa kwanza unaopigiwa picha.

Gesi ya mitungi, pamoja na hayo, inaagizwa kutoka nje kwa dola, na ni nishati ya kisukuku, kama petroli na makaa ya mawe. Siioni kama mwisho wa safari. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, na mtambo wake wa kwanza uliwashwa Februari 2024. Kwa mara ya kwanza tuna umeme wa kutosha kuufikiria kwa ajili ya kupikia. Jiko la presha la umeme huivisha maharage ndani ya saa moja kwa chini ya uniti moja, bila kuchochewa, bila kusimamiwa. Hata kwa bei ya juu ya Tanesco pamoja na tozo zote, sufuria hiyo ya maharage haifiki shilingi 500. Hakuna mkaa Dar es Salaam unaoivisha maharage kwa bei hiyo. Kikwazo ni kununua jiko lenyewe, linalozidi shilingi laki moja, na dawa yake ni mkopo unaokatwa kidogo kidogo kila mtu anaponunua umeme wa LUKU, ukipatikana nchi nzima.

Lakini kuna mstari mmoja kwenye viwango vya umeme unaofanya kazi kinyume na sera yote hii. Katika viwango vilivyoanza kutumika 2016, mteja wa kundi la matumizi madogo hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, kwa uniti 75 za mwezi. Kila inayozidi hapo inatozwa 350. Mpaka huo uliwekwa kwa kufikiria nyumba ya taa, televisheni na redio, na kwa nia njema ya kumlinda mnyonge. Nyumba inayotumia uniti 50 kwa mambo ya kawaida ikianza kupikia umeme, uniti moja na nusu kwa siku, inafika 95 kwa mwezi. Inaadhibiwa kwa kuacha mkaa. Watu wanaijua hesabu hii vizuri, ndiyo maana utamkuta mtu ana jiko la umeme zuri kabatini, limefunikwa kwa kitambaa, akiogopa "kutolewa kwenye uniti za bei ndogo."

Kuusogeza mpaka huo hadi uniti 120 kwa kaya zinazopikia umeme hakuhitaji mfadhili wala mkutano Paris. Kunahitaji Ewura, ambayo ndiyo mamlaka inayodhibiti bei za nishati, Tanesco na Hazina wakae mezani, na safari hii Wizara ya Afya iwe na kiti, ikiwa na hesabu ya wagonjwa wa kiharusi na mapafu inaowatibu kila mwaka. Ruzuku itakayotoka kwenye umeme ilinganishwe na gharama hiyo. Na mwaka unaofuata, wakaguzi wakienda mitaani kupima mafanikio, wasihesabu majiko yaliyouzwa. Wahesabu uniti na kilo za gesi zilizotumika kwa kila kaya, na magunia ya mkaa yaliyopita kwenye vizuizi vya kuingia Dar es Salaam.